Mtoto wa paka mgeni: kumzoesha nyumba, kreti na gari

Watu wengi huandaa bakuli, kitanda na kimpira cha kuchezea, halafu kreti ya kubebea inakuja mwisho kabisa, asubuhi ya chanjo. Paka anasukumwa ndani, mlango unafungwa, gari linanguruma, kisha sindano. Tangu hapo kila akiiona kreti anajua kinachofuata, na kiumbe cha gramu 900 kinageuka makucha matupu. Ndiyo maana tunaanza na kreti, si bakuli. Ikiwa ndiyo chumba chake cha kulala tangu siku ya kwanza, safari inakuwa ni kile kile chumba chake kimehama naye.

Kreti ya kununua

Chagua ya plastiki ngumu, yenye mlango wa waya mbele na nusu ya juu inayotoka kwa kufungua klipu. Hiyo nusu ya juu ina kazi kubwa: kwa daktari wa mifugo unaiondoa tu, na paka anapimwa akiwa amekaa kwenye taulo lake, bila mtu kumvuta kwa miguu. Nunua ya kumtosha akikua, kama sentimita 50 kwa urefu, 30 kwa upana na 30 kwa kimo. Paka mkubwa wa kawaida aweze kusimama na kugeuka humo. Kwa sasa itakuwa kubwa mno kwake, na gari likikata kona atateleza huku na huku. Kunja taulo mbili ziwe kama magogo, uzilaze pembeni, katikati pabaki shimo la kumtosha kujikunja.

Mfuko wa kitambaa una kasoro mbili: zipu isiyofika mwisho hufunguliwa kwa pua tu, na akikojoa unaloa wote. Boksi la karatasi ni baya zaidi, maana mkojo unalainisha kitako nacho kinaachia ukiwa umelibeba. Kabla ya kuiamini kreti, weka ndani mzigo wa kilo 3, ishike kwa mpini, uitikise. Klipu inayoachia hapo itaachia pia kwenye maegesho ya magari.

Kabla hajaja

Asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Wiki 10 hadi 12 ni bora zaidi, kwa sababu ndugu zake ndio wanaomfundisha kwamba kuuma sana kunaumiza. Muulize anayekupa mambo manne: anakula chakula gani na mara ngapi, anatumia mchanga wa aina gani, amepewa lini dawa ya minyoo, na amechanjwa nini. Omba pia kitambaa ambacho mama na watoto wamekilalia. Usikifue. Hicho kitambaa, pamoja na harufu yake yote, kitamtuliza kuliko kitanda cha bei yoyote.

Andaa chumba kimoja tu, kidogo, chenye mlango unaofungika. Paka hujua yuko kwake kwa pua. Anaposugua shavu kwenye pembe ya meza anaiachia harufu yake, na mahali pakishanukia yeye, moyo unatulia. Chumba kimoja anaweza kukijaza harufu yake kwa siku chache. Nyumba nzima inamzidi nguvu, naye huishia nyuma ya jokofu.

Kwa hiyo piga magoti na ukikague chumba kwa urefu wa macho yake. Upenyo wowote ambao kichwa chake kinapita, mwili utafuata. Ziba nyuma ya makabati na chini ya sinki. Ondoa nyuzi, sindano za kushonea, mipira ya kufungia na kamba za mapazia. Uzi ukimezwa hukunja utumbo kama kitambaa kilichovutwa uzi, na ukiona ncha yake inatokea mdomoni au nyuma, usiivute hata kidogo. Nenda kwa daktari. Mashine ya kufulia ifungwe saa zote na ichunguliwe kabla ya kuwashwa, kwa sababu nguo zenye joto ni kitanda anachokipenda.

Sumu zipo nyingi, lakini chache ndizo zinazoua paka mara kwa mara. Maua ya yungiyungi ya jamii ya Lilium, hata chavua yake tu akiilamba kwenye manyoya, huharibu figo. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka mzima, seuze mtoto. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humtia degedege. Na maji ya rejeta yenye kemikali ya kuzuia kuganda yana ladha asiyoikimbia. Yakidondoka sakafuni pa gereji, yafute siku hiyo hiyo.

Mpangilio wa chumba ni rahisi. Beseni la mchanga liwe kona moja, chakula na maji kona ya mbali kabisa na hiyo, maana paka hapendi kula karibu na choo. Kingo za beseni zisizidi sentimita 7 ili apande bila shida. Mchanga uwe na kina cha sentimita 3 hadi 5, usio na manukato, na kwa wiki za mwanzo usiwe ule unaoganda ukilowa: watoto huonja kila kitu, na mchanga ule ukivimba tumboni unaziba. Kreti iwe ukutani, mlango wake umetolewa kabisa au umefungwa kwa kamba ubaki wazi, kitambaa cha mama yake ndani. Ongeza boksi lenye matundu mawili, ili akijificha awe na njia ya pili ya kutokea.

Saa za kwanza

Mlete asubuhi, siku ambayo una nafasi. Weka kreti chini, fungua mlango, kisha kaa sakafuni upande wa mbali wa chumba ukifanya jambo jingine. Usimtoe. Kwanza itatokea pua, na sharubu zimesukumwa mbele. Halafu miguu miwili ya mbele, tumbo karibu liguse sakafu, na ya nyuma imebaki kretini tayari kumrudisha. Atarudi mara mbili au tatu. Kisha atatembea akiambaa ukuta, akinusa kila pembe. Siku atakapokaa katikati ya chumba na kujilamba ubavu taratibu, masikio yakiwa yamelegea, ujue ameanza kukubali.

Wengine hufika hapo kwa saa mbili, wengine siku tatu. Anayejificha chini ya kitanda aachwe huko, mradi anakula na anatumia mchanga usiku. Kumvuta kutoka mafichoni ndilo kosa linalorudisha kazi nyuma kuliko lolote, kwa sababu linamwonyesha kwamba hata pale pa mwisho pa kukimbilia hapana usalama.

Akikukaribia, nyoosha kidole kimoja kwa usawa wa pua yake na usubiri. Akikinusa na kukisugua kwa shavu, mkune shavuni na chini ya kidevu. Tumbo liache. Ukimtazama, fumba macho polepole kisha uyafumbue. Kwa paka, jicho lililokodolewa ni tisho. Ukimbeba, kiganja kimoja kiwe chini ya kifua na kingine kibebe makalio. Usimwinue kwa ngozi ya shingo. Mama yake huacha kufanya hivyo mapema, na wewe si mama yake.

Usicheze naye kwa vidole. Ni jambo linalovutia akiwa na wiki 9, lakini mazoea hayo hayo akiwa na miezi 8 ni majeraha. Tumia kijiti chenye kamba na manyoya mwishoni, kisha ukifungie kabatini ukimaliza.

Chakula, choo na usiku

Wiki ya kwanza mpe kile kile alichozoea, hata kama unakiona hafifu. Nyumba mpya na chakula kipya kwa pamoja ndiyo njia ya haraka ya kupata kuhara. Kisha badilisha kwa siku 7 hadi 10: robo ya kipya, nusu, robo tatu, halafu chote. Kinyesi kikilegea, rudi hatua moja nyuma. Milo iwe 4 kwa siku hadi umri wa miezi 4 hivi, kisha 3 hadi miezi 6. Kiwe chakula cha watoto wa paka, kwa sababu wanahitaji nguvu na protini kuliko mkubwa. Maziwa ya ng'ombe hayamfai. Akishaachishwa kunyonya, uwezo wa kusaga sukari ya maziwa hupungua, nayo huchachuka tumboni na kumharisha.

Akikataa kula, pasha chakula chenye majimaji kiwe vuguvugu ili harufu ipande. Mtoto wa chini ya wiki 12 asikae siku nzima bila kula. Hana akiba mwilini, sukari ya damu inashuka, anakuwa baridi na mlegevu, na hapo kila saa ina maana. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, akiwa ndani ya bakuli. Umri huu anaongezeka kama gramu 100 kwa wiki. Uzito ukisimama siku mbili, chunguza, ukishuka, mpeleke.

Kuhusu choo, wengi wanajua wenyewe. Mweke kwenye beseni akiamka na akimaliza kula, umwache achimbe. Ondoa uchafu kila siku. Akikosea mahali, usimkaripie wala kumsugua pua. Jiulize kama beseni liko mbali, chafu, karibu na kitu chenye kelele, au mchanga umebadilishwa. Safisha pale kwa dawa yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyovunjavunja mkojo na harufu yake. Sabuni zenye amonia zinanukia kama mkojo, naye atarudi pale pale.

Usiku wa kwanza hadi wa nne atalia. Amezoea kulala juu ya rundo la ndugu. Kabla hujalala, cheza naye dakika 10 hadi 15 mpaka achoke, mpe mlo, na baada ya choo weka chupa ya maji ya moto kiasi, imefungwa taulo, upande mmoja wa kreti. Upande mmoja tu, ili akisikia joto asogee. Hapo utaona faida ya pili: joto liko kretini, kwa hiyo atalala kretini bila kulazimishwa. Ukimwendea kila akilia, atajifunza kukuita. Lakini kilio cha paka anayechuchumaa kwenye mchanga, akikazana bila kutoa mkojo, ni cha dharura. Usisubiri kuche.

Akishakula vizuri, anatumia mchanga na anakuja kwako mkia umesimama wima, mfungulie chumba cha pili. Kisha cha tatu. Kama nyumbani kuna paka mwingine, watenganishe wiki moja hadi mbili, ukiwabadilishia vitambaa vyao vya kulalia, wale kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, ndipo waonane kwa dakika chache.

Kufunga mlango wa kreti

Mpaka hapa kreti ni kitanda. Sasa ianze kuwa chombo cha safari, na kila hatua irudiwe mpaka asijali ndipo usogee. Mpe mlo mmoja kila siku humo, bakuli mwisho kabisa. Siku chache baadaye rudisha mlango, uusukume akila, na uufungue kabla hajamaliza. Hilo la kuufungua mapema ndilo siri: asiwahi kuugonga mlango kwa mguu akitaka kutoka. Kisha uache mlango umefungwa sekunde 10 baada ya kula, dakika 1, dakika 5, ukimpenyezea kipande cha nyama.

Halafu ibebe. Usiishike kwa mpini ikining'inia na kugonga goti lako; ikumbatie kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako, kama unavyobeba sufuria iliyojaa. Tembea hadi mlangoni, rudi, mfungulie.

Ikitokea dharura na hajazoea, usimsukume kichwa kwanza. Simamisha kreti wima, mlango ukiangalia juu, umshushe miguu ya nyuma kwanza. Au ondoa nusu ya juu, mlaze chini, mfunike taulo, kisha urudishe kifuniko.

Gari

Safari ya kwanza isiwe na safari. Weka kreti ndani ya gari lililozimwa, kaa naye dakika 5, mpe kitu kitamu, mrudishe ndani. Siku nyingine washa injini bila kuondoka. Halafu mzunguko wa mtaa mmoja. Halafu dakika 10. Nyingi ya safari hizi ziishie nyumbani kwenye chakula, ili zile za kwa daktari zizame katikati ya zile za kawaida.

Kreti ikae sakafuni, nyuma ya kiti cha mbele cha abiria, kiti kikirudishwa nyuma kiibane isicheze. Hapo pako chini, gari linayumba kidogo, na breki ya ghafla haiwezi kuirusha. Ukiiweka kwenye kiti cha nyuma, pitisha mkanda kwenye sehemu zake tu, zile zilizowekwa na kiwanda kilichotengeneza kreti. Mkanda uliopitishwa ovyo juu ya plastiki unaweza kuipasua gari likigonga. Kiti cha mbele kina mfuko wa hewa unaofyatuka kwa nguvu isiyo na huruma. Buti lililofungwa halina hewa ya kutosha. Na paka aliyeachiwa huru ndani ya gari atatafuta shimo lenye giza, na shimo hilo huwa chini ya breki.

Funika kreti pande tatu kwa kitambaa chepesi, mbele pabaki wazi kwa hewa. Akikosa kuona vitu vikipita mbio, hofu hupungua. Weka chini pedi inayonyonya, juu yake taulo, na taulo jingine la akiba. Redio iwe chini. Shika breki mapema, kata kona polepole.

Kichefuchefu kinajitangaza ukijua pa kutazama. Anaanza kulamba midomo, anameza meza, kisha uzi wa mate unaning'inia kidevuni. Anayelia kwa sauti wakati huo mara nyingi ananyamaza ghafla, na baada ya huo ukimya ndipo anatapika. Mlo wa mwisho uwe saa 3 hadi 4 kabla ya kuondoka, siyo zaidi kwa mtoto mdogo, maji usimnyime. Akitapika kila safari hata baada ya mazoezi, muulize daktari kuhusu maropitanti ya kuzuia kutapika au gabapentini ya kupunguza hofu. Kipimo hufuata uzito, na ile ya hofu ijaribiwe kwanza nyumbani. Dawa ya binadamu usimpe.

Paka akihema mdomo wazi, simamisha gari. Mbwa huhema hivyo kwa kawaida. Paka akiwa hivyo amezidiwa na joto au hofu. Washa kipoza hewa, lowesha miguu na masikio yake kwa maji ya kawaida, siyo ya barafu, na kama hakutulia kwa dakika chache mkimbize kwa daktari. Joto ndani ya gari lililoegeshwa juani huongezeka kwa zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi ndani ya saa moja, sehemu kubwa ya hizo ndani ya nusu saa ya kwanza, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii. Usimwache garini, hata ukienda dukani tu.

Kwa safari ndefu, simama kila baada ya saa 2 hivi, mpe maji na umruhusu ajaribu beseni dogo. Kabla ya kugusa klipu ya kreti, hakikisha milango na vioo vyote vimefungwa na kila mtu anajua. Paka wengi hupotea hapo, mlango mmoja ukifunguliwa na mtu asiyejua. Chipu, kifaa kidogo cha utambulisho ambacho daktari hukiweka chini ya ngozi, yenye namba iliyosajiliwa kwa simu yako ya sasa, ndiyo itakayomrudisha. Ukanda wa shingoni uwe wa aina inayoachia ukinasa.

Safari ya lazima ya kwanza huwa ya chanjo: katika wiki ya 8 au 9, ikirudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka afike wiki 16. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, kwa hiyo siku hiyo hiyo ya chanjo panga na daktari tarehe ya kumfunga uzazi. Chumba cha kusubiria kikiwa na mbwa, iweke kreti juu ya kiti na uigeuze itazame ukutani.

Mkirudi, iweke kreti pale pale ilipokuwa, fungua mlango, na umwache atoke mwenyewe. Taulo ambalo halijachafuka usilifue. Mlo wa jioni uwekwe humo humo ndani, mwisho kabisa, kama jana.